Sura ya Saba: Wakfu, Sadaka na Meza ya Vitabu

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 kijijini kwao Nawa katika nchi ya Shamu, aligusa ndani ya Minhaj, kitabu chake cha fiqhi, suala ambalo msomaji wa haraka huliruka: mikeka ya msikiti. Mkeka uliowekwa wakfu hauuzwi, hapewi mtu zawadi, wala warithi wa aliyeutoa hawana ruhusa ya kuurudisha nyumbani. Je, ukichakaa mpaka haukaliki? Na boriti ya msikiti ikivunjika ikawa haifai tena ila kuni? Kauli aliyoipa nguvu Nawawi ni kwamba hapo vyafaa kuuzwa. Walioisherehesha wakaeleza kwamba kuuza ni bora kuliko kuacha mali ipotee bure, na kwamba thamani yake irudi kwenye maslahi ya msikiti ule ule.

Minhaj imesomeshwa katika darsa za mwambao huu kizazi baada ya kizazi, na Pemba haikuwa nyuma. Ndiyo maana naanza na mikeka. Yeyote atakayekaa Chake Chake akawaza kuichangia maktaba ya umma kwa kuuza vitabu vilivyokwishasomwa, atagongana na suala hili kabla hajafika kwenye bei. Ataletewa kitabu, na mletaji atasema, "Mwalimu, hiki ni wakfu wa marehemu baba." Hapo biashara imekwisha.

Kwanza tutazame mambo yanavyokwenda kule ambako mnada wa namna hii umekuwa kama sikukuu ya mji. Ithaca ni mji mdogo wa chuo kikuu katika jimbo la New York. Tangu mwaka 1946 wakazi wake wana chama cha Marafiki wa Maktaba ya wilaya yao ya Tompkins. Kila Mei na kila Oktoba chama hufungua bohari, na watu hupanga foleni nje, wengine tangu usiku. Ndani mna vitabu kwa maelfu kwa maelfu, vyote vimetolewa bure na majirani: wanaohama, waliofiwa, wanaopunguza makabati. Bei ya siku ya kwanza si kubwa. Siku ya pili inashuka, ya tatu inashuka tena, hata siku za mwisho mtu anajaza mfuko kwa bei ya kutupa.

Wanaojitolea wengi wao ni wastaafu. Kazi yao haionekani wakati wa mnada. Ni ya mwaka mzima, ya kuchambua. Boksi linaingia, mtu anapindua kitabu kimoja kimoja: hiki kina ukungu, kitupwe, hiki ni kamusi ya miaka mingi nyuma, kitupwe, hiki cha mapishi, meza ya mapishi, hiki kina sahihi ya mwandishi, kitengwe kipewe bei yake. Siku ya kwanza wafanyabiashara ndio wa mwanzo mlangoni, na simu zao mkononi, wanapiga ile mistari myeusi nyuma ya jalada kuona kitabu kinauzwa kiasi gani mtandaoni. Vyama vingine vinawapiga marufuku. Vingine vinawaacha, kwa hoja kwamba fedha ya mchuuzi na ya mwanafunzi inaingia sanduku moja.

Sanduku hilo ndilo linalostahili kuangaliwa kuliko meza. Chama cha Marafiki si idara ya maktaba. Kina hesabu yake, viongozi wake, na mkutano wake wa mwaka. Serikali ya wilaya inalipa mishahara, umeme na ukarabati. Chama kinalipia yale ambayo bajeti ya serikali huyakata mwanzo kila mwaka unapokuwa mgumu: hadithi za watoto, mazulia ya chumba cha watoto, msomaji mgeni anayealikwa Jumamosi. Fedha ya mnada haiingii kwenye kapu kuu ikapotelea huko. Mtu aliyetoa boksi lake la vitabu anaweza kwenda maktaba akaona kabati lililonunuliwa kwa fedha yake.

Sasa, hata Ithaca vitabu havimaliziki. Mabaki yana safari yake, na safari hiyo ndiyo inayotuhusu sisi. Mwaka 1988 Tom Warth, mchapishaji wa Minnesota, alitembelea Uganda akaingia maktaba ya Jinja, akakuta makabati karibu matupu. Aliporudi alianzisha Books For Africa, ambayo hadi leo ina makao St. Paul. Kule nako wanaojitolea wanachambua, wanapanga kwenye maboksi, na kontena linafungwa likiwa na vitabu elfu ishirini hivi. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana waliosoma Chuo Kikuu cha Notre Dame walianzisha kampuni ya Better World Books: wanakusanya vitabu vilivyotumika vyuoni na maktabani, wanaviuza mtandaoni, na sehemu ya mapato wanaipa maktaba na miradi ya kusoma, Books For Africa ikiwa mojawapo.

Njia hizo mbili zinafanana kwa mbali, lakini zinatofautiana katika jambo kubwa. Katika ya kwanza kitabu ndicho kinachovuka bahari. Katika ya pili kitabu kinauzwa kilipo, na fedha ndiyo inayovuka.

Uingereza ina historia yake katika jambo hili, na Zanzibar imo ndani. Mwaka 1954 Hermione, mke wa Lord Ranfurly aliyekuwa gavana wa Bahamas, aliona uhaba wa vitabu visiwani humo akaanza kuwaomba marafiki zake wa Uingereza wamtumie vyao vilivyotumika. Kazi ile ikakua ikaitwa Ranfurly Library Service, na mwaka 1994 ikabadilishwa jina kuwa Book Aid International. Jina halikubadilika peke yake. Shirika liliacha kutegemea vitabu vya kwenye makabati ya watu, likawa linaomba vitabu vipya moja kwa moja kwa wachapishaji, na wakutubi wa upande unaopokea wakapewa nafasi ya kusema wanataka nini. Shirika la Huduma za Maktaba Zanzibar ni miongoni mwa waliopokea vitabu vya Book Aid International.

Kwa nini waliacha mitumba? Sababu anaijua kila mtu aliyewahi kufungua boksi la msaada. Katika boksi moja utakuta kitabu kizuri cha bailojia, halafu vitabu sita vya sheria ya kodi ya jimbo ambalo hapa hapana aliyelifika, halafu mwongozo wa programu ya kompyuta iliyokwisha kufa. Mtaalamu wa vitabu vya Afrika, Hans Zell, akiwa na Raphaël Thierry, aliandika mwaka 2015 tathmini ndefu ya miradi hii ya kugawa vitabu. Hoja yao moja inatuuma zaidi sisi wa Kiswahili: kontena la bure likishushwa bandarini, mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi anakosa mnunuzi wake mkubwa, ambaye ni maktaba na skuli. Tunapokea vitabu elfu ishirini vya watu wengine, na cha kwetu kimoja kinakosa wa kukinunua.

Siwalaumu waliovituma. Kontena limewasaidia wengi, na mwanafunzi wa sekondari wa Wete anayesoma kemia kwa Kiingereza hajali kitabu kilitoka Minnesota au mbinguni. Ila mtu akiniuliza kitabu kilichotumika kifanye nini kwa ajili ya maktaba ya Chake Chake, jawabu langu ni fupi: kiuzwe kule kilipo kingi.

Na hapo ndipo tunarudi nyumbani, maana Chake Chake si Ithaca. Mnada wa vitabu unataka ziada. Nyumba ya kawaida Pemba haina ziada ya riwaya. Ukiingia ukumbini utakuta mswahafu umewekwa juu, mahali pa heshima. Utakuta juzuu za watoto, Safina, pengine Barzanji yenye jalada lililoshonwa upya kwa uzi. Halafu, chini ya kitanda au juu ya kabati la nguo, utakuta vitabu vya skuli.

Mafungu hayo mawili yana sheria mbili mbalimbali, na mtu wa kujitolea akiyachanganya ataumia.

Fungu la kwanza, la dini, mara nyingi ni wakfu, ama kwa maandishi ama kwa kauli. Mfano mzuri wa maandishi uko Lamu, katika msikiti na chuo cha Riyadha alichokiasisi Habib Saleh. Miswada ya pale ilipigwa picha moja moja chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na mingi ina maneno ya wakfu kwenye ukurasa wa mwanzo: aliyetoa ni nani, ametoa kwa ajili ya nani, na sharti lake. Hiyo ni maktaba ya umma ya zamani katika pwani yetu, na mfuko wake haukuwa mnada. Ulikuwa nia ya mtu mmoja mmoja, iliyofungwa kisheria isifunguliwe na mtoto wala mjukuu. Mombasa nako, mwaka 1903, maktaba ya Seif bin Salim ilifunguliwa kwa mtindo wa tajiri kutoa na umma kusoma. Mwambao haukungoja kufundishwa na mtu kwamba vitabu ni mali ya jamii.

Lakini wakfu una udhaifu wake. Unalinda kitabu, haununui kingine. Kabati la wakfu lisiposimamiwa linabaki lilivyokuwa siku mtoaji alipofariki, na mchwa na unyevu wa masika vinalipunguza taratibu. Hapo ndipo mkeka wa Nawawi unapokuwa na kazi. Je, kitabu cha wakfu kilichooza hata hakisomeki kinaweza kupewa hukumu ya mkeka? Suala hilo si langu, wala si la kamati ya mnada. Ni la kadhi na la Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Maibadhi, ambao si wa madhehebu ya Nawawi, watataka kuulizia kwa mashekhe wao. Kamati yenye busara itaweka kauli moja tu mlangoni, na kila anayepokea boksi ataiuliza kabla ya kusema ahsante: "Hiki ni wakfu au ni sadaka ya kuuzwa?" Cha wakfu kinarudi kwa mwenyewe au kinapelekwa msikitini. Cha sadaka kinaandikwa kwenye daftari, jina la mtoaji na tarehe, kisha kinakwenda mezani. Daftari hilo litaepusha ugomvi wa miaka mitatu mbele, pale mjukuu atakapokuja kudai kitabu cha babu.

Fungu la pili ndilo lenye uhai wa biashara. Chukua kitabu kimoja cha fizikia cha kidato cha tatu. Kimevikwa karatasi ya kaki, na juu ya kaki pamechorwa nembo ya timu ya mpira kwa kalamu ya wino. Ndani ya jalada pana majina manne, matatu yamekatwa kwa mstari, la nne halijakatwa. Ukurasa wa umeme umepauka kwa vidole. Wa mwisho haujawahi kufunguka vizuri. Kitabu hiki kimepita kwa kaka, dada, binamu na jirani, na bado kina miaka kadhaa ya kutumika ikiwa mtaala haukubadilika. Mwenyewe amekwishamaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba. Hakihitaji. Januari kuna mtoto mwengine atakayekihitaji, na mzazi wake hana uwezo wa kununua kipya.

Pemba haitupi mabaki yenye faida. Mkarafuu ukichumwa, watu hukaa barazani kuchambua, karafuu upande huu na makonyo upande ule. Karafuu zinauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, na makonyo yanakwenda kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta. Kitabu cha skuli baada ya mtihani ni konyo hilo. Bei yake ni ndogo, lakini kwa wingi wake inatoa kitu, na anayekinunua ananufaika kuliko anayeuza.

Mitihani iliyopita nayo ina soko lisilochosha, iliyofungwa pamoja kwa uzi au kwa pini. Kamusi vilevile. Riwaya za Kiswahili zitakuwa chache, na nashauri zisiuzwe kabisa. Zipelekwe maktaba moja kwa moja, zikakae kwenye kabati. Magazeti ya zamani wachukue wauza karanga.

Fedha ya meza kama hiyo haitajenga ukuta. Atakayeahidi jengo kwa mnada wa vitabu vya skuli anadanganya watu, na watu wa Chake wanazijua hesabu. Inachoweza ni kununua vitabu vipya vya Kiswahili, rafu moja kila mwaka, na hapo uchaguzi una maana kubwa. Ningeanza na Kale ya Washairi wa Pemba, kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2011. Humo mna tungo za Kamange na Sarahani, mafundi wa ushairi wa kisiwa hiki hiki. Hapana kontena litakalokuja na kitabu hicho kutoka Minnesota. Kingine ni N'na Kwetu cha Mohammed Khelef Ghassany, mzaliwa wa Pemba, kilichopata Tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2015. Kisha hadithi za watoto, nyingi kwa kadiri fedha inavyoruhusu, kwa kuwa kitabu cha mtoto ndicho kinachochakaa kwa mikono mingi na kwa maktaba hiyo ni sifa.

Tanzania imewahi kuonja faida ya kununua cha kwetu. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, ulikuwa ukinunua kwa mchapishaji sehemu kubwa ya nakala za hadithi mpya na kuzigawa skuli na maktaba, naye akauza zilizobaki. Mchapishaji alikuwa na hakika ya mnunuzi kabla mashine haijawashwa, basi akathubutu kuchapa. Kikundi cha Chake Chake hakitanunua maelfu. Lakini vikundi kumi vya miji kumi vikiagiza kitabu kimoja kwa pamoja, mchapishaji atapokea simu yao.

Na fedha zaidi itoke wapi? Hapa nigeukie walioko mbali. Wapemba wametapakaa: Muscat, Dubai, London, Toronto. Mtu wa kwao akisikia maktaba ina shida, jambo la kwanza analolifikiria ni kukusanya vitabu apakie. Moyo huo ni mzuri na gharama yake ni mbaya: usafiri hadi Dar es Salaam au Unguja, kutoa mzigo bandarini, kisha meli nyingine hadi Pemba, na gari kutoka Mkoani kupanda Chake. Vitabu vile vile, vikipangwa kwenye meza ya msikiti wa mtaani kwao London au mnada wa skuli ya watoto wao Toronto, vinauzika siku moja. Uingereza ina utaratibu wake tayari. Oxfam peke yake ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa vitabu vilivyotumika Ulaya, na mteja wa kule hashangai kununua kitabu cha pauni mbili kwa ajili ya mtu asiyemjua. Uzeni huko huko, mlete fedha. Fedha haina ukungu wala haina ushuru wa bohari.

Wengine watasema watu hawataamini kutuma fedha taslimu, wataamini kutuma vitabu kwa kuwa kitabu hakiliwi. Hoja hiyo nzito, na ndiyo iliyonifanya niseme mapema kwamba sanduku ni muhimu kuliko meza. Kikundi kisajiliwe kwa Mrajis, kiwe na hesabu ya benki yenye watia sahihi watatu, na mmoja kati yao asiwe mkaazi wa mtaa mmoja na wenziwe. Kila mwaka kitundike mlangoni mwa maktaba karatasi moja: kilichoingia, kilichotoka, majina ya vitabu vilivyonunuliwa. Mkutubi awe mgeni mwalikwa katika vikao vyake, asiwe mweka hazina. Nairobi kuna mfano wa raia kushika kazi ya maktaba ya umma bila kuipora serikali: mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk, wakakubaliana na kaunti, wakaanza kuifufua maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo Waafrika hawakuruhusiwa kuingia mpaka mwaka 1958, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Majengo yamebaki ya umma. Kazi ya kutafuta fedha na kuzitolea hesabu ni yao.

Chake Chake haihitaji ukubwa huo kuanza. Inahitaji watu wanane wenye subira, na tarehe nzuri. Mimi ningechagua wiki ya mwisho ya Disemba. Watahiniwa wa kidato cha nne wamekwishamaliza, skuli hazijafunguliwa, msimu wa karafuu ukiwa mzuri mikononi mna chochote, na waliokwenda Unguja na Dar wamekuja likizo. Isiwe Ijumaa. Meza ziwe barazani, karibu na ngome ya zamani ambayo sasa ni makumbusho, mahali watu wanapita kwa miguu. Vuli hupiga wakati wowote, kwa hivyo maturubai yawepo hata jua likiwaka. Bei ziandikwe kwa kalamu ya risasi ndani ya jalada ili kusiwe na kupatana kwa kila kitabu, na saa ya mwisho kila kilichobaki kiwe nusu bei, kama Ithaca. Kazi ya kukusanya ianze Novemba, kwa kupitia skuli na kwa masheha. Hiyo ina maana kwamba kuanzia Novemba lazima kiwepo chumba kikavu chenye kufuli cha kuweka maboksi, na chumba cha namna hiyo mjini ni taabu kukipata kuliko wanunuzi.